Unknown Pleasures: dramu iliyofunguliwa vipande vipande

Weka "Disorder", wimbo unaofungua albamu ya kwanza ya Joy Division, kisha fuata dramu peke yake. Sneya inalia kavu, na nyuma yake tu inalia tena, hafifu. Besi inaingia ikiwa juu, kwenye sauti ambazo bendi zetu za dansi humwachia mpiga solo. Gitaa linakuja mwisho, jembamba, limesogezwa pembeni. Katikati pamebaki uwazi mkubwa, nao ulitengenezwa.

Vijana wenyewe walikuwa watu wa kelele, waliotokana na panki ya Manchester. Aprili 1979 walipoingia Strawberry Studios, mjini Stockport, prodyuza Martin Hannett alimtaka Stephen Morris aifungue seti yake ya dramu na kurekodi kila kipande peke yake. Dramu zikipigwa kwa pamoja, maikrofoni ya sneya hunasa na matoazi na ngoma kubwa. Ukiitilia sneya mwangwi, umevitilia vyote, na sauti inageuka uji. Ukiitenga, unaweza kuipa chumba chake mwenyewe.

Chumba hicho kilitoka kwenye mashine ya AMS, kifaa cha dijitali kilichokuwa kipya wakati ule, chenye kushika sauti na kuirudisha baada ya milisekunde chache. Kwa muda mfupi kiasi hicho sikio halihesabu mapigo mawili. Linahisi kuna ukuta karibu. Kwenye kule kutenganisha dramu, aliyeumia ni Morris. Mpiga dramu hushika mwendo kwa mikono na miguu kuitikiana, sasa kiungo kimoja kinapiga na vingine vimekatazwa, ikabidi ajipige mapaja asipotee. Nadhani ule ukavu wa kimashine wanaomsifia nao umetokana na adhabu hii.

Besi haikuwa kazi ya Hannett. Peter Hook alikuwa na amplifaya duni; akipiga chini, gitaa la Bernard Sumner linamfunika, basi akapanda juu ili ajisikie. Hannett alilitazama gitaa, akalipunguza, akaiacha besi ibebe wimbo.

Kuna na vituko ambavyo mashabiki hawachoki kuvisimulia: lifti ya studio iliyorekodiwa, kioo kinachovunjwa kwenye "I Remember Nothing". Vingi ni mapambo. Chenye kazi ya kweli ni kwenye "Insight", ambako sauti ya Ian Curtis ilipitishwa kwenye laini ya simu. Simu hukata sauti za chini kabisa na za juu kabisa, ikabakiza za kati, na kwa hiyo mwimbaji anasikika yuko mbali bila kupunguzwa sauti.

Lebo yao, Factory, ilichapa nakala 10,000 za kwanza, bosi wake Tony Wilson akitumia akiba yake mwenyewe, na albamu ikatoka Juni 1979. Hook na Sumner hawakuipenda: nguvu yao ya jukwaani, walilalamika, imefyonzwa yote. Malalamiko hayo yanapimika, maana toleo la 2007 lina diski ya pili ya onyesho lao la Julai 1979 katika ukumbi wa The Factory. Kwenye "Shadowplay" nawapa haki. Gitaa la Sumner pale jukwaani linakata, na la studio halifiki. Kwenye "Insight" siwapi. Bila ile simu Curtis yuko mbele kabisa ya spika, na wimbo unakuwa wa kawaida.