Wivu na Fitina katika Majumba ya Sayyid Said: Ushuhuda wa Sayyida Salme

Kitabu cha kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, ambaye Wazungu humjua kwa jina la Emily Ruete, kilitolewa Berlin mwaka wa 1886 kwa lugha ya Kijerumani. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka wa 1888. Wako wanaokisoma kwa ajili ya mapenzi ya binti wa mfalme na mfanyabiashara wa Hamburg, na wako wanaokichukua kuwa ghala ya mila za Unguja. Wote hawa hupitwa na jambo lililo kubwa zaidi. Kitabu hiki ni ushuhuda wa namna wanawake wa jumba la kifalme walivyogombea cheo, mapenzi na neno la mwisho. Na anayeutoa alikuwa mmoja wa wagombea. Kwa hiyo yafaa asikilizwe kama shahidi asikilizwavyo barazani: kwa makini, na kwa kuuliza ana deni gani na nani.

Salme alizaliwa mwaka wa 1844 katika Beit al-Mtoni, jumba la baba yake lililo ufukoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Juu ya masuria wote alikaa Azza binti Seif, mke wa ndoa, wa ukoo wa kifalme wa Oman. Mwandishi amchora kuwa mfupi wa kimo, mwenye kiburi, asiye na mtoto, lakini mwenye nguvu kubwa juu ya mumewe. Picha hii ni hai, ila imechorwa na mtoto wa suria. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria huzaliwa huru, hurithi, tena aweza kutawala. Na wana wote walioshindania kiti cha Sayyid Said walitoka katika matumbo ya masuria. Katika nyumba kama ile, mke asiyezaa hakuwa na silaha ila nasaba yake. Ukali ambao Salme auita kiburi yamkini ulikuwa ngome ya mtu aliyezingirwa. Jambo hilo msomaji hulifahamu kwa kuyapima maelezo ya mwandishi, si kwa kuambiwa naye.

Penye masuria wenyewe, mwandishi ana macho makali zaidi. Aeleza jinsi Kiarabu kilivyotakiwa kusemwa mbele ya bwana, na jinsi, mara akigeuza kisogo, lugha zote zilivyorudi: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Mwanafunzi wa lugha hataipita habari hii upesi. Kila lugha ilikuwa chumba chenye mlango wake, na siri ya kundi moja ililindwa na masikio ya kundi jingine yasiyofahamu. Watoto nao walishika mipaka ya mama zao: wale wa Kicherkesi, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu, waliitwa paka na ndugu zao. Mzaha huo wa watoto ulikuwa mbegu ya ugomvi wa watu wazima.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka wa 1856, na Majid akatawala Unguja. Mama yake Majid alikuwa Mcherkesi pia, tena rafiki wa Jilfidan. Salme na mama yake walikwisha kukaa katika nyumba ya Majid. Mwaka wa 1859 Jilfidan alikufa kwa kipindupindu. Mwaka huo huo Khole, dada mzuri ambaye mapenzi ya baba yake yalikuwa yamemletea husuda nyingi, alimvuta Salme katika njama ya kumpindua Majid na kumweka Barghash. Salme alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, akinakili Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, na kwa sababu hiyo akawa mwandishi wa wala njama. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa usiku amevaa nguo za kike. Njama ilishindwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na Khole akaliona jambo hilo kuwa hiana.

Sura hizi ndizo kilele cha kitabu. Mwandishi akiri kosa lake, lakini akiri kwa namna ya kulaumu mapenzi yake kwa Khole. Mapenzi yanayozungumzwa kwa urefu humu ni hayo ya dada kwa dada. Habari za Heinrich Ruete, kutoroka kwake mwaka wa 1866 na ndoa yao Aden mwaka wa 1867, zapewa nafasi ndogo mno. Anayetafuta hadithi ya mahaba atatoka mikono mitupu.

Kitabu kina upungufu ulio mzito. Mwandishi autetea utumwa mbele ya wasomaji wa Ulaya, na vijakazi waliochukua barua na kulinda milango hawana sauti humo. Waliohatarisha maisha yao katika njama isiyokuwa yao wapita kama vivuli.

Hata hivyo, mwisho wa ushuhuda waonyesha thamani yake. Mwaka wa 1885 Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, mjane mwenye kudai urithi. Aliyekuwa kitini ni Barghash, naye alikataa kumpokea. Mwaka uliofuata kitabu kikatoka, na maneno yake juu ya Barghash ni machungu. Mkono uliomwandikia barua za uasi ndio uliomwandikia mashtaka. Msomaji asiyeikumbuka njama ya mwaka wa 1859 hataelewa uchungu huo; na anayeikumbuka hataamini kila neno, lakini atajua kila neno limetoka wapi.