Kumsoma Kitereza Nikiwa Shanwe

Matangazo ya utalii yakiitaja Ukerewe huanza na mchanga, yakaja ndege wa ziwani, yakamalizia na jiwe linalocheza la Ukara. Mwenyeji huonekana kwa mbali akipiga kasia. Kisiwa kinaitwa "cha mbali", kama Mpanda yetu inavyoitwa "pembezoni". Mbali na nani, hatuambiwi.

Aniceti Kitereza, mzaliwa wa huko, hakuhitaji neno hilo. Riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Kisa ni cha kawaida: mume na mke hawana mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamrudisha kwao, na Myombekere anamfuata. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi.

Lawama kubwa dhidi ya kitabu hiki ni kwamba kimejaa salamu na maelezo ya kazi, kama daftari la mila. Mimi pia nilichoka, nikaruka kurasa. Niliporudi ndipo nikaona kwamba pombe ile ndiyo faini yenyewe: isipokamilika, Bugonoka harudi. Kitereza anatungojesha kama Myombekere anavyongoja. Hapo mila si pambo. Ndoa ya watu imeishikilia. Katika sehemu ya watoto, hata hivyo, nadhani lawama ina haki. Mafunzo yanasimama peke yake, hayamtishi wala hayamwokoi mtu.

Pamoja na hayo, ningempa kitabu hiki kila anayepanga safari ya Ukerewe, kwa sababu ndani yake ziwa, ndizi na dawa za miti vina wenyewe, na kila kimoja kina jina.

Majina hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Tunaomsoma Kitereza kwa Kiswahili tunapata kile tu kilichovuka kutoka Kikerewe. Hapa Shanwe bibi yangu anaita miti kwa Kibende, na mingi siwezi hata kuitamka. Tasnifu yangu naiandika kwa Kiingereza. Kitereza alianza na lugha ya nyumbani, ndipo akavuka. Sisi tunaanzia ng'ambo, na bibi hana wa kumngojea.