Merikebu ya Mizimu na Mkono wa Binadamu: Mighani ya Bahari Ikisomwa kutoka Mombasa Bara

Katika fasihi ya Ulaya, merikebu ya mizimu ni chombo kinachosafiri daima bila kufika bandarini. Mfano mashuhuri ni mighani ya Mholanzi arukaye, nahodha anayesemekana kuapa kwamba ataizunguka Rasi ya Tumaini Jema hata ikimbidi kusafiri hadi Siku ya Kiyama. Coleridge alisawiri chombo cha jinsi hiyo katika shairi lake la baharia mzee (1798), na Wagner akaigeuza mighani yenyewe kuwa opera (1843). Swali linalotawala masimulizi haya ni dhambi ya nahodha. Makala haya yanadai kwamba, yakisomwa kutoka Mombasa bara, yanazua swali jingine: ni nani anayefutwa ili mizimu ipate nafasi?

Utenzi wa Luís de Camões, *Os Lusíadas* (1572), unaosimulia safari ya Vasco da Gama, unalidhihirisha swali hili. Katika sehemu yake ya pili, merikebu za Wareno zinapotaka kuingia Mombasa, Venus na mabinti wa bahari wanazisukuma nyuma. Shajara ya mmoja wa wasafiri inaeleza tukio hilo pasi na muujiza. Mwezi Aprili 1498, chombo kimoja kilishindwa kugeuka, kikagonga kingine, na nanga zikatiwa tena. Marubani waliochukuliwa Msumbiji wakajitupa majini. Usiku, waogeleaji walianza kukata amari ya merikebu mojawapo, na walinzi wakadhani ni jodari. Ushairi una uhuru wake, na Camões halaumiwi kwa kuutumia. Hata hivyo, uteuzi wake una athari: waliotenda wanatoweka, na mahali pao panashikwa na viumbe visivyoonekana.

Safari hiyo hiyo ilizaa merikebu tupu ya kweli. Wareno walipovuka kurudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi walifariki, na waliobaki na nguvu za kuendesha kila chombo walikuwa saba au wanane tu. Januari 1499, baada ya kuipita Mombasa, waliichoma moto *São Rafael* kwenye mafungu ya upande wa Tanga kwa kukosa watu wa kuiongoza. Hapakuwa na laana. Palikuwa na kiseyeye. Msingi wa kihistoria wa merikebu isiyo na watu ni vifo vya wafanyakazi wake, jambo ambalo mighani ya nahodha mwenye dhambi hulifunika.

Huko Kisauni, mtazamo unahama kutoka sitahani hadi ufukoni. Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, ilianzishwa mwaka 1875, na kengele yake ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Husimuliwa kwamba ilipigwa kuwatahadharisha wakazi kila jahazi za wauza watumwa zilipoonekana. Jahazi hizo zilitisha kuliko mzimu wowote, lakini katika simulizi hii hofu ina anwani: chombo kina mwenyewe, kina shehena na kina soko. Msimulizi wa ufukoni hahitaji mizimu, kwa kuwa anamjua anayekuja.

Upande wa Likoni, suala hili si la kinadharia tu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, iliyojaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Baada ya msiba kama huo, methali "ajali haina kinga" huwafariji wafiwa. Methali hiyo hiyo, ikitamkwa na mwenye dhamana, hufanya kazi ya mabinti wa bahari wa Camões: huondoa mkono wa binadamu katika tukio. Maneno ni yale yale. Kinachobadilika ni msemaji na maslahi yake.

Haya hayamaanishi kwamba mighani ni uongo wa kupuuzwa. Waliopotelewa na wapenzi wao majini wana haki ya kuwasikia wakiita, na fasihi simulizi ina wajibu wa kuihifadhi sauti hiyo. Wajibu wa mhakiki ni kutenganisha mzimu unaomkumbuka marehemu na mzimu unaomficha mhusika. Wa kwanza ni maombolezo; wa pili ni utetezi.