Mguu, Mguu, Kofi

Darasa la sita, mwalimu wa hesabu akichelewa kidogo tu, madawati yalianza kulia. Du-du, pa. Du-du, pa. Hakuna aliyetufundisha, wala hatukujua kwamba mdundo ule una mwenyewe. Mtu angetuambia umetungwa na mzungu wa nywele timutimu aliyesomea fizikia, tungemcheka. Tulichojua ni kwamba watoto arobaini waliokuwa wakiogopa kuulizwa tebo ya saba, kwa dakika mbili zile hawakumwogopa mtu.

Mwenyewe ni Brian May, mpiga gitaa wa Queen. Mwaka 1977 bendi hiyo ya roki nzito ilipiga katika ukumbi wa Bingley Hall, Stafford, Uingereza. Onyesho lilipokwisha, watu hawakutoka. Walibaki wakiwaimbia wanamuziki "You'll Never Walk Alone", wimbo ambao Waingereza wameuzoea katika viwanja vya mpira. May aliondoka na swali: umati uliobanana kama abiria wa daladala ya jioni unaweza kupewa kazi gani? Ala hawana, na nafasi ya kucheza hawana. Wana miguu, viganja na koo. Kesho yake alipoamka, "We Will Rock You" ilikuwa imeshaanza kuumbika kichwani.

Hapo ndipo ninapowavulia Queen kofia. Watunzi wengi wakitaka kumpa msikilizaji nguvu humwambia ana nguvu, ubeti baada ya ubeti, mpaka anachoka. Hawa walimwachia kazi. Roger Taylor alikuwa mpiga ngoma wao hodari, na John Deacon alikuwa na besi inayoweza kubeba wimbo peke yake. Kumbe katika kibao hiki hakuna seti ya ngoma wala besi. Ni miguu na makofi, sauti ya mwimbaji wao, Freddie Mercury, juu yake, na gitaa linalosubiri hadi karibu na mwisho. Kuwaweka kando watu wenye vipaji vile kunahitaji moyo. Tena gitaa likishaingia, kiitikio hakirudi. Wimbo unakatika hapo hapo, dakika mbili hivi tangu uanze.

Ufundi wenyewe ulifanyika katika studio ya Wessex, kaskazini mwa London, jengo lililokuwa ukumbi wa kanisa. Walikuta mbao kuukuu zimelala pale, wakazikanyaga, wakarekodi, wakakanyaga tena, wakapandisha tabaka juu ya tabaka. Lakini watu wachache wakirudiwa mara nyingi bado husikika kama watu wachache waliorudiwa, na ukiongeza mwangwi utapata pango, hutapata umati. May akafikiri kama mwanafizikia. Katika uwanja, kofi la aliye karibu hukufikia mapema, la aliye mbali huchelewa, na hakuna wawili walio umbali sawa. Basi akazirudia sauti zile kwa kuzichelewesha kidogo kidogo, na vipimo vya kuchelewesha akavipanga kwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kwa mpangilio huo marudio hayaangukiani na kuunda mwangwi wa kupokezana. Yanatawanyika kama watu wanavyotawanyika. Ukisikiliza kwa spika nzuri utajikuta umesimama katikati ya watu elfu moja ambao hawakuwepo. (Mwaka 2007 alikamilisha shahada ya uzamivu kuhusu vumbi la angani. Namwamini.)

Maneno nayo yana hila yake. Ubeti wa kwanza ni wa mvulana wa mtaani, wa pili wa kijana, wa tatu wa mzee fukara, na kila mmoja ana matope au damu usoni. Hakuna hata mmoja aliyeshinda. Viwanjani watu hukipiga kiitikio kama kitisho kwa timu pinzani, bila kujua kwamba beti zinamzungumzia mtu ambaye maisha yamempiga tangu utoto.

"We Are the Champions" ya Mercury ilitoka katika santuri moja na "We Will Rock You", upande wa kwanza, Oktoba 1977. Inaanza chini, piano na sauti ya mtu mmoja anayekiri: mimi nilikosea, mimi nililipa. Melodia imeinama. Halafu inapanda ngazi kwa ngazi, ufunguo unabadilika kutoka huzuni kwenda mwangaza, na kiitikio kinapofunguka "mimi" amekuwa "sisi". Waliosema wimbo huu ni majivuno nadhani waliruka ubeti. Bila aibu ile ya mwanzo, kiitikio kingekuwa kelele za mlevi. Hata hivyo kuna mstari mmoja unaowabeza walioshindwa. Ningekuwa mimi, ningeufuta. Mdundo ni wa sita kwa nane, hesabu ambayo mpiga chakacha wa Mombasa ataitambua mara moja, ndiyo maana mwili unayumba wenyewe.

Sisemi hivyo ili nimrudishe Mercury kwetu kwa nguvu. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Akapelekwa shule ya bweni India akiwa mdogo, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Mpigo wa wimbo hauthibitishi chochote kuhusu asili ya mtu. Ninachochukua kutoka nyumbani ni neno tu: kiitikio. Kwetu sehemu ile ya wimbo imepewa jina kwa kazi ya anayejibu. Queen walilifikia wazo hilohilo kwa njia yao.

Na nguvu ikishagawiwa haina mwenyewe. Mwaka 1984 Deacon aliwatungia "I Want to Break Free", wimbo wa mtu anayetaka kujinasua. Oktoba ya mwaka huohuo bendi ikaenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi, wakati wasanii walikuwa wametakiwa wasikanyage huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Niliposoma habari hiyo niliziweka nyimbo zao kando kwa muda. Kisha nikazirudia, kwa sababu wanaoziimba ni wengi kuliko waliozitunga.

Sikiliza mwisho wa "We Are the Champions". Sauti zimepanda hadi juu kabisa, sikio linangoja kordi ya kurudisha wimbo nyumbani, na kordi hiyo haiji. Wanaacha mlango wazi wanaondoka. Katika mikusanyiko yote ambamo niliusikia wimbo huu ukipigwa, hapo ndipo watu walipopiga kelele.