Foklifti Tupu na Pembetatu Yake

Foklifti ikipinduka ghalani, ripoti huandikwa haraka: opereta alikuwa na mwendo mkali, ni uzembe wa dereva, jalada linafungwa. Mwendo una sehemu yake, sikatai. Lakini anayetaka kujua mtu alikufaje aanze kwa kuangalia magurudumu.

Foklifti ya kawaida ina magurudumu manne, ila husimama kama yenye matatu. Ekseli ya nyuma, ambayo ndiyo hukata kona, imeshikiliwa na pini katikati ili iweze kucheza kwenye sakafu isiyo sawa. Kwa hiyo mashine inaegemea magurudumu mawili ya mbele na ile pini. Unganisha pointi hizo tatu upate pembetatu, pana mbele, nyembamba nyuma. Kitovu cha uzito kikibaki ndani yake, mashine inasimama. Kikitoka, inalala.

Wengi huiogopa foklifti iliyobeba na kuidharau iliyo tupu. Meno yakiwa hayana kitu, lile pande la chuma lililowekwa nyuma kusawazisha mzigo hukivuta kitovu cha uzito kuelekea kwenye ncha ya pembetatu, mahali ambapo nafasi ya kuyumba ni ndogo. Opereta aliyeshusha mzigo, akarudi mbio kuchukua mwingine na kukata kona ghafla, ni rahisi zaidi kulala ubavu kuliko alipokuwa na paleti aliyoibeba chini chini. Akiwa ameyaacha meno juu, hatari inaongezeka.

Mzigo nao una hesabu yake. Chukua foklifti ya kilo 2,500, uwezo uliopimwa kitovu cha mzigo kikiwa milimita 500 kutoka shina la meno. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi shina hilo ni milimita 400. Sasa pakia kreti ndefu ambayo kitovu chake kiko milimita 800. Umbali kutoka ekseli umepanda kutoka 900 hadi 1,200, na uwezo umeshuka hadi kilo 1,875. Zimepotea kilo 625, zaidi ya mifuko 12 ya saruji, kwa sababu ya urefu wa kreti tu. Habari hii iko kwenye kibati cha uwezo kilichobandikwa kwenye mashine. Kwa foklifti za mtumba zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, kibati kinaweza kuwa cha Kijapani, na asipopatikana wa kukitafsiri opereta anabaki kukisia.

Nchini Marekani, taasisi ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilihesabu vifo 1,021 vilivyohusu foklifti kati ya 1980 na 1994. Kupinduka kuliongoza kwa asilimia 22. Watembea kwa miguu waliogongwa walifuata kwa asilimia 20.

Mashine inapoanza kulala, mwili wote unamwambia opereta aruke. Anaruka upande ule ule inakoangukia, na lile paa la chuma lililowekwa kumkinga na vitu vinavyodondoka linamfikia kifuani kabla hajapiga hatua ya pili. Anayepona mara nyingi ni aliyefunga mkanda, akashika usukani kwa nguvu, akakaza miguu sakafuni na kuegemea upande wa pili. Hakuna binadamu anayefanya hivyo kwa silika. Lazima afundishwe, tena akumbushwe. Sheria ya Marekani inataka opereta apimwe upya angalau kila baada ya miaka 3.

Kwa hiyo mkaguzi anayefika kwenye ajali apime urefu wa meno yalipoachwa, asome kibati, auvute mkanda aone kama unafunga. Aangalie kama kona ile ina kreti zilizopangwa hadi kwenye njia. Kisha aulize opereta alikuwa analipwa vipi, kwa siku au kwa lori lililojazwa.