Maneno ya Babu, na Maneno Tunayomsingizia

Kiko kitabu kisichopigwa chapa ambacho kila kijiji cha Mbozi, Momba na Ileje kinacho, nacho ni kinywa cha babu na bibi. Sisi walimu tumezoea kukihukumu kitabu hiki pasipo kukisoma. Wengine wetu husema kwamba yote yaliyomo ni giza na upuzi. Wengine, hasa siku hizi, huyasifu yote kwa sababu ni ya kale. Twaona kuwa makundi haya mawili yamekosa kwa namna moja, maana hakuna hata moja lililouliza kwanza kama babu amelisema kweli neno lile.

Chukueni habari ya kile kimondo kilicho karibu na Ndolezi, wilaya ya Mbozi, katika mkoa wetu wa Songwe. Urefu wake ni kama mita 3, na kimo chake kama mita 1. Wengine hukadiria uzito wake kuwa tani 12, wengine 16. Ni chuma, karibu sehemu 90 katika kila mia, na nyingi katika zilizobaki ni nikeli. Wageni walipata habari zake mwaka 1930, na mwaka 1967 serikali ilikiweka chini ya ulinzi. Wenyeji walikijua zamani sana kabla ya hapo. Walakini hakuna shimo linaloonekana pale kilipoanguka, wala walioandika habari zake hawakukuta kwa wazee hadithi ya siku ile ya kuanguka. Yadhaniwa kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, kabla hajakuwako wa kusimulia.

Basi, tuliwaagiza wanafunzi wetu waandike hadithi waliyoipata kwa babu. Binti mmoja alileta insha nzuri mno: moto ukashuka kutoka mbinguni usiku, ng'ombe wakakata kamba, wazee wakalala kifudifudi, na babu yake mwenyewe akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Tukaisoma mbele ya darasa, nasi tukaisifu. Baadaye tulikutana na mzee yule njiani, tukamwamkia kwa heshima, tukamwuliza habari za usiku ule. Akacheka hata akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Alisema hakukiona kikianguka, wala baba yake hakukiona, wala hakumsikia mtu yeyote aliyepata kusema amekiona. Wao walikikuta pale kama walivyoikuta milima.

Mtu atasema kosa la mtoto ni dogo, nasi twakubali. Lakini yako masingizio ya namna hiyo hiyo yanayowatoa watu katika nyumba zao. Mwaka 1934 Mwingereza mmoja, mama Audrey Richards, aliwaona katika nchi ya Wabemba, upande ule ambao sasa ni Zambia, vijana walioitwa Bamuchapi. Walivaa nguo za Kizungu, na habari yao ilitoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Watu walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mganga, naye akawatazama katika kioo kidogo. Aliyehukumiwa na kioo alitakiwa atoe pembe zake za uchawi, kisha watu wakanyweshwa dawa. Mama yule alizichungua pembe 135 zilizotupwa, akaona 11 tu ndizo za kudhuru kweli. Nyingine zote zilikuwa za dawa za kawaida. Hata Ufipa, kwa jirani zetu, kazi hii ilikuwa ingali hai mwaka 1963 na 1964, alipoichunguza Roy Willis, nayo iliitwa Kamchape. Nasi katika Songwe twawasikia lambalamba, wanaoingia vijijini na kudai kuutoa uchawi majumbani mwa watu.

Na kila wanapokaribishwa, yuko mtu asemaye kwamba hii ndiyo mila ya babu zetu. Babu yupi? Kioo cha duka na nguo za duka! Mambo ya vijana wa juzi yamevikwa mvi, ili mtu aone haya kuyapinga. Na anayeumia ni nani? Mara nyingi ni bibi, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, yule yule aliyewasimulia wajukuu hadithi.

Tukizisikiliza hadithi zenyewe twaona zimejengwa kwa namna nyingine. Husimuliwa usiku, jikoni. Nazo huanza kwa neno la kuonyesha kwamba sasa twatoka katika dunia ya leo. Zimwi la bibi hukaa mbali, ng'ambo ya mto, na mchawi wake hana jina la jirani. (Wanafunzi wetu huanza kwa Paukwa! Pakawa!, ambalo wamelitoa vitabuni, maana ni la watu wa pwani. Hilo nalo ni dogo.) Mtoto huogopa, hucheka, hulala. Asubuhi hakuna mtu anayeshtakiwa. Mwenye kioo yeye hutaja jina, mchana, mbele ya watu wote.

Hatusemi kwamba wazee wetu hawakuwaogopa wachawi. Waliwaogopa, na mwavi uliwaua wengi katika nchi hizi zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Hilo babu alilisema kweli, na kwa kuwa alilisema halikuwa jema. Basi iko kazi ya namna mbili: kwanza kujua kama neno ni lake, kisha kulipima. Sisi walimu tumezoea kuiruka ile ya kwanza.

Insha ile tulimrudishia binti, tukamtuma tena kwa babu yake. Akarudi na karatasi nusu. Alikuwa ameandika kwamba babu hajui kimondo kilianguka lini, ila anajua mahali ambapo wachungaji wa siku zake walikaa kivulini wakikitazama. Darasa likanung'unika kwamba hiyo si hadithi. Sisi tulimpa alama zote.