Fasihi Iko Chini ya Elimu

Laptopi yangu ni ya mitumba, na ndani yake kuna Linux Mint ya Xfce kwa sababu mashine yenyewe haiwezi kubeba kitu kizito zaidi. Ukibonyeza kona ya chini kushoto, menyu inafunguka: Vifaa Vidogo, Elimu, Picha, Intaneti, Sauti na Video, Ofisi, Mipangilio, Mfumo. (Natafsiri, yenyewe hunisemesha Kizungu.) Nimeifungua kila siku kwa miaka mitatu bila kuisoma. Wiki jana nikaisoma, na sasa nina ugomvi nayo.

LibreOffice Writer, ninayoandikia, iko Ofisi. Sijawahi kuwa na ofisi. Naandika kitandani, saa sita usiku, stima ikikubali. Kile kihariri chepesi ninachoanzia rasimu zote kiko Vifaa Vidogo, jirani na kikokotoo. Na Elimu? Humo nilikuta programu moja tu, LibreOffice Math, ya kuandikia fomula za hesabu. Mimi niliyeacha chuo karo iliponishinda nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Mpangilio huu una wenyewe. Ni kiwango cha freedesktop.org, mradi ulioanzishwa na Havoc Pennington mwaka 2000 ili GNOME, KDE, Xfce na wenzao waweze kuelewana. Kila programu huja na faili ndogo yenye jina linaloishia kwa .desktop, na ndani yake kuna mstari unaotaja makundi yake. Wa Writer unasema Office, kisha WordProcessor. Menyu inausoma na kuiweka programu mahali pake. Kazi safi, kusema ukweli, kwa sababu inauliza programu inafanya nini. Waliokulia kwa saiba wanakumbuka menyu ya Start ya Windows za zamani, imejaa folda zenye majina ya kampuni: ukitaka kusikiza ngoma, kwanza ukumbuke nani alitengeneza programu.

Lakini soma orodha yao hadi chini. Makundi makuu ni 13, halafu yanafuata ya ziada, mengi. Na Fasihi imo! Neno lenyewe, Literature, limeandikwa pale. Ila ni kundi la ziada, na limewekwa chini ya Elimu au Sayansi, pamoja na Historia. Kuandika nako kumepelekwa Ofisi. Yaani kwa macho ya menyu, kitabu ni cha mwanafunzi na sentensi ni ya karani. Anayeandika hadithi bila mwalimu na bila bosi hajatengewa mlango.

Utaniambia ni menyu tu, mse, fungua faili uandike. Ningekubali kama nisingekuwa nimeyasikia haya kwingine. Kila harusi, kila matanga, shangazi huniuliza siku hizi nafanya kazi wapi. Nikimwambia naandika, anauliza, "Kwa ofisi gani?" Nikinyamaza anauliza kama nitarudi chuo. Shangazi hajawahi kugusa Linux, lakini orodha yake ni ile ile.

Kinachoniweka hapa ni kwamba menyu hii inakubali kubishiwa. Kwa iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, App Library hujipangia makundi yenyewe, na hata jina la kundi huwezi kubadilisha. Mimi nilifungua MenuLibre, nikaongeza folda, nikaiita Kuandika. Nikahamishia Writer, kihariri na kamusi. Kikokotoo pia, kwa sababu nalipwa kwa neno, na maneno 800 huwa 760 mhariri akishapita. Firefox naitaka huku na Intaneti pia, na kiwango kinaruhusu programu kukaa makundi mawili. Huo ndio uungwana wake mkubwa. Nusu ya kuandika kwangu ni kusoma, na nusu ya kusoma, tuseme ukweli, ni kuzurura.

Ofisi imebaki na Calc, ninamoorodhesha wanaodaiwa malipo yangu. Hiyo ni ya ofisi kweli, sina neno. Elimu sijaifuta, ingawa ni kubofya mara mbili tu. Math bado iko humo peke yake.